Muulize Mhariri: Jana sifa, leo matusi

SWALI: Shikamoo, mzee. Nimepekua magazeti aliyoyahifadhi baba. Novemba 2015, Rais Magufuli alipoingia, kurasa za mbele ni sifa tupu. Juni 2019, Taifa Stars ikienda Misri, sifa vilevile. Wiki mbili baadaye kocha anatukanwa. Waandishi wanalipwa kusifia?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bahasha zipo, sikufichi. Lakini hata asiyepokea senti angeandika karibu hivyohivyo.

Ukurasa wa mbele unataka habari yenye picha, tena iwahi kabla gazeti halijaenda mtamboni. Rais mpya analeta vyote. Aliapishwa tarehe 5. Kesho yake akatembea kwa miguu hadi Hazina. Siku chache baadaye akaibuka Muhimbili: wagonjwa wamelala chini, mashine za vipimo mbovu, bodi ikavunjwa. Tarehe 9 Desemba, badala ya gwaride la Uhuru, anazoa taka. Ungekuwa mhariri wa zamu ungeweka nini mbele?

Sasa, bodi ile ilikosea wapi hasa? Fedha za matengenezo zilikwama kwa nani? Hayo yanataka mwandishi wa kushinda na makabrasha wiki kadhaa, na dawati lenye waandishi wanne halina wa kumwachia kazi hiyo. Mahali pa kuyasikia bila gharama ni bungeni, na mwishoni mwa Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa hoja ya gharama. Hapo ndipo mimi ningeweka wino mzito.

Mpira nao una mtindo wake. Stars iliifunga Uganda 3-0 mwezi Machi, ikafuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1980. Wachezaji wakaitwa Ikulu, wakaahidiwa viwanja Dodoma. Kuanzia hapo hadi Juni hakuna mechi ya mashindano ya kuandika, na kurasa za michezo hazifungwi. Zikajazwa kambi, jezi, ahadi, na wachezaji wa zamani wakitabiri. Wa kueleza kwamba Senegal ilikuwa juu ya timu zote za Afrika kwenye orodha ya FIFA hakosekani, ila kichwa cha habari cha namna hiyo hakiuzi gazeti Kariakoo. (Nimewahi kujaribu kuwashawishi watu wa mauzo. Walicheka.)

Tukafungwa 2-0 na Senegal, 3-2 na Kenya, 3-0 na Algeria. Msomaji aliyeuziwa matumaini miezi mitatu anataka mtu wa kumlaumu, naye kocha Emmanuel Amunike alikuwa karibu. Mwanzoni mwa Julai akaachishwa kazi. Tarehe 19 ya mwezi huohuo fainali ikachezwa Cairo: Algeria 1, Senegal 0. Kundi letu limetoa bingwa na mshindi wa pili, kocha ameshafungasha.