Shangazi, nifanyeje niwe na moyo mgumu?

Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 29. Ofisini tunakaa watu zaidi ya 20 katika ukumbi mmoja, na kelele zake zinanimaliza kabisa. Hata mwenzangu akifunga droo kwa hasira, mimi natambua kuna jambo linalomsumbua, na hasira ile nashinda nayo siku nzima. Nikifika nyumbani najifungia chumbani, na ndugu zangu wanasema naringa. Nimekuwa nikiandika hadithi fupi tangu utotoni, lakini mwaka jana nilisoma moja mbele ya kikundi cha waandishi na mmoja wao akasema wahusika wangu wote wanazungumza kwa sauti moja. Sikulala usiku ule, na tangu hapo sijaandika. Nifanyeje niwe na moyo mgumu kama wenzangu?

Marahaba, binti yangu.

Moyo mgumu sitakutafutia, kwa sababu siamini kwamba unaweza kuupata, wala siamini kwamba ungekufaa. Wepesi wa hisia unaoueleza si ugonjwa na si malezi mabaya. Mwanasaikolojia wa Marekani Elaine Aron, ambaye pamoja na mumewe Arthur alichapisha utafiti juu ya tabia hii mwaka 1997, anakadiria kwamba watu 15 hadi 20 katika kila 100 wamezaliwa nayo: wanapokea sauti, harufu na hali za watu wengine kwa undani zaidi, na kwa hiyo huchoka mapema zaidi. Wapo miongoni mwao wanaopenda kuwa na watu wengi, lakini walio wengi ni wakimya kama wewe, ambao nguvu zao hurudi wanapokuwa peke yao.

Kama ndivyo ulivyoumbwa, jambo la kurekebisha ni mpangilio wa siku yako. Naona kwamba unapumzika ukiwa umekwisha kuchoka, na mapumziko ya namna hiyo huwa marefu, ya huzuni, na huwaudhi watu wa nyumbani. Pumzika kabla ya kufikia hapo. Toka ukumbini kwa dakika chache katikati ya asubuhi na tena alasiri, hata kama hujachoka bado. Omba kuhamia kwenye pembe yenye utulivu au mbali na mlango. Ziba masikio unapofanya kazi inayohitaji umakini. Usione haya kumweleza msimamizi wako, na ukimweleza, taja kazi badala ya hisia: mwambie kwamba hesabu au taarifa fulani utaikamilisha vizuri zaidi mahali palipotulia.

Kwa ndugu zako, kosa lenu ni kwamba mlango unafungwa bila neno, na mtu aliyefungiwa mlango bila neno hujitungia sababu yake mwenyewe. Wasalimie kwanza, waambie unahitaji nusu saa, kisha utoke kweli nusu saa ikiisha. Nasisitiza hilo la kutoka, kwa sababu faragha inayokurudishia nguvu si sawa na faragha ya kuwakwepa watu, ingawa chumba ni kile kile. Ukitoka ukiwa tayari kuzungumza na mtu, umepumzika. Ukiona kila siku unazidi kuwaogopa, au usingizi na hamu ya chakula vimekutoka kwa majuma kadhaa, hapo wepesi wa hisia pekee hautoshi kuwa maelezo, na nakuomba umwone daktari au mshauri nasaha.

Sasa nije kwenye hadithi zako, ambako ndiko barua yako iliponigusa zaidi. Yule mkosoaji alisema wahusika wako wanazungumza kwa sauti moja. Yawezekana alisema kwa ukali, na kukosolewa mbele ya kundi huuma kuliko kukosolewa faraghani, lakini maneno yake yanahusu kasoro ya kiufundi, nayo inarekebishika. Tena angalia ulichoniandikia mwenyewe: unaijua hali ya mwenzako kwa namna anavyofunga droo. Mtu anayesikia kiasi hicho anajua pia nani hukatiza maneno ya wengine, nani hutoa jibu fupi anapoumia, nani huanza kwa kuomba radhi asipokuwa na kosa. Vitu hivyo ndivyo vinavyotenganisha sauti za wahusika, na unavyo tayari; havijafika tu kwenye karatasi. Ungefanikiwa kuufanya moyo wako mgumu, ungeacha kuvisikia.

Huna deni la kusoma mbele ya kundi. Mpiga piano wa Kanada Glenn Gould aliacha kupiga jukwaani mwaka 1964, akiwa na miaka 31, kwa kuwa hakupenda kabisa kupiga mbele ya hadhira, na akaendelea kurekodi studioni hadi mwaka aliofariki, 1982. Aliuacha ukumbi, kazi hakuiacha. Wewe umeviacha vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Chagua msomaji mmoja unayemwamini, mpe hadithi iliyokamilika, umwombe maoni kwa maandishi na umwulize swali mahususi, kwa mfano ni wapi alishindwa kutambua nani anazungumza. Maoni yakifika, yasome mara moja, uyaweke kando hadi kesho yake, ndipo uamue la kufanya. Maumivu ya kwanza utayapata, nami sitakuficha, ila siku ya pili utaweza kutenganisha kilichokuumiza na kilicho kweli.

Anza na hadithi ile ile ya mwaka jana. Usiiandike yote upya. Chukua ukurasa mmoja wenye mazungumzo, na asubuhi kabla ya kwenda kazini, wakati masikio yako bado hayajachoka, mwandike upya mhusika mmoja tu. Ukimaliza ukurasa huo niandikie tena, unieleze ni mhusika yupi uliyeanza naye.