Matembezi ya ziwani na watoto, upande wa Lac Vert

Mtu wa Goma anaweza kumaliza mwezi bila kugusa maji ya Ziwa Kivu, ingawa analiona kila siku akienda kazini. Kuanzia Himbi hadi Keshero ukingo wote ni parseli: ukuta, lango la chuma, na mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani. Kwenye bandari ya Kituku maji yapo, ila yamechanganyika na mitumbwi, mizigo na makelele, na mtoto hapo humwachi mkono hata kidogo. Kwa hiyo wazazi wenzangu wakiniuliza wawapeleke wapi watoto Jumapili bila kununua soda ya hoteli kwa bei ya hoteli, ninawatuma Lac Vert. Huko unateremka hadi ziwani, kisha unafuata ukingo pole pole upande wa Bulengo.

Kufika si kazi. Panda bisi ya barabara ya Sake, pita Ndosho, shuka Mugunga, halafu ukate kushoto kwa miguu au kwa moto, yaani pikipiki. Lac Vert yenyewe ni kiziwa kidogo kilichokaa ndani ya mdomo wa volkano ya zamani, maji yake ya kijani kama jina linavyosema. Watoto watataka kukaa hapo wakirusha mawe. Waache kidogo, kisha msonge mbele, kwa sababu Ziwa Kivu liko karibu tu na ndilo lililowatoa nyumbani.

Kabla ya yote, ulizeni. Vita vya Januari 2025 vilipita upande huo, kutoka Sake kuja Mugunga, na vilima vya Bulengo na Lac Vert vilikuwa vimejaa kambi za wakimbizi. Pigeni simu kwa mtu anayekaa huko, muulize hali ya wiki hii, si ya mwezi uliopita. Na watoto waambiwe nyumbani, kabla ya kuvaa viatu: chuma chochote kilicholala majanini hakiokotwi, hakipigwi teke, hata kiking'aa namna gani. Wakikiona wasimame walipo na wamwite mkubwa. Askari hawapigwi picha, na simu ikae mfukoni mnapowapita.

Sasa mazuku. Hapa nitakawia, maana wazazi wengi wanaijua kwa jina tu. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inalala chini kwenye mashimo na mabonde madogo. Keshero, Mugunga, Lac Vert, Bulengo, Nzulo: ukingo huu wote ni wa mazuku, na watu wameshakufa. Mtu mzima anaweza kupita mahali kichwa chake kikiwa juu ya hewa hiyo, na mtoto aliyemshika mkono akawa ndani yake. Hilo ndilo linalonifanya nisiwe na mchezo. Mbuzi au mbwa akilala shimoni bila kutikisika, au ukiona mijusi, ndege na wadudu waliokufa mahali pamoja, usisogee kutazama. Kuna sehemu zimewekewa vibao vya onyo vyenye fuvu la kichwa, lakini kibao huibwa kikawa kuni, basi msingoje kibao. Wenyeji wanayajua mashimo yao moja moja, na mama yeyote anayelima hapo atakuonyesha kwa kidole.

Kwangu sheria ni mbili. Ya kwanza: hakuna mtoto anayeshuka kwenye shimo, hata kwa kukojoa. Mtoto akibanwa, yeye hukimbilia mahali palipojificha, na palipojificha ndipo pabaya. Akojoe kando ya njia mbele yetu sote, aibu itapita. Ya pili: hatutoki alfajiri. Najua kila mtu husifu asubuhi na baridi yake, lakini mazuku hujikusanya usiku, upepo ukiwa umelala. Ngojeni jua lipande na hewa ianze kutembea. Sisi huanza njia kama saa tatu, na sijaona tulichokosa.

Tena saa tatu si mbaya kabisa, kwa sababu wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wameshafika nchi kavu. Hao huvua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na asubuhi wanaanika samaki na kushona nyavu. Ukitaka watoto waone samaki wengi, nenda wakati mwezi hautoki usiku. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haivuti kitu. Waambie pia kwamba sambaza si mwenyeji wa ziwa hili: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna nyumba ya Goma isiyowajua. Mwanangu mkubwa alinibishia hilo hadi mvuvi mzee alipocheka na kumwambia, “Baba yako anasema kweli.” Salimieni kwanza, halafu ndipo muulize maswali. Watoto wakisalimia vizuri mtaonyeshwa mtumbwi hadi ndani, na mkinunua bakuli la sambaza wakati wa kuondoka mtakuwa mmeshukuru.

Kuhusu kuoga, mimi nakataa. Mamba hakuna katika Kivu, na hilo huwapa watu ushujaa. Lakini hili ni ziwa lenye kina cha karibu mita 480, na sehemu nyingi chini inateremka ghafla: hatua mbili maji ya magoti, ya tatu hakuna kitu chini ya mguu. Miguu ilowe, mtu mzima asimame upande wa ziwa na mtoto upande wa nchi kavu, basi. Maji hayo hayanywewi pia, kipindupindu hakijawahi kutuhama. Bebeni maji ya kunywa kutoka nyumbani, mengi kuliko mnavyofikiri, na mengine ya kunawa kabla ya kula.

Viatu viwe vya kufunika vidole. Mawe ya volkano hukata, na kandambili hukatikia hapo hapo mbali na fundi. Kofia pia: tuko juu, karibu mita 1,460, na jua linachoma hata upepo ukiwa baridi. Chakula kiwe chepesi, ndizi, mandazi, viazi vya kuchemsha. Mvua ya Goma haipigi hodi, kwa hiyo Juni hadi Agosti ni rahisi zaidi, ingawa vumbi la barabara ya Sake mtalila lote.

Mnakwenda hadi wapi? Hadi pale mdogo wenu anapoanza kuuliza kama tumefika. Njia ya kwenda ndiyo ya kurudi, hakuna mzunguko, kwa hiyo kila hatua ya mbele ina deni lake. Shangazi yao hupenda kuwavuta: “Tufike kwenye ule mti tu.” Kisha ni mimi ninayepandisha kilima na mtoto mgongoni hadi Mugunga. Tukiwa naye siku hizi ninageuza mapema, hata kama wakubwa wananung'unika.

Saa nane tuwe barabarani. Mchana upepo wa ziwa huongezeka, na bisi za kurudi mjini zikijaa, familia yenye watoto wanne ndiyo ya mwisho ambayo dereva ataisimamia. Mkiwa na haraka kodini moto mbili kuliko kuwabananisha wote kwenye moja.