Madogo wa benchi, kabla hujabonyeza Download soma hapa kwanza

Jumamosi nilikuwa nimekaa pembeni ya benchi moja la fundi simu pale Stendi Ndogo Arusha, namcheki dogo kashika Redmi Note 4 ya mteja, kashusha romu (mfumo mzima wa simu unaopakiwa upya) imeandikwa "Redmi Note 4 Android 10 stable final" basi, hamna kodineimu (jina la ndani la kila modeli), hamna tarehe, hamna jina la aliyeijenga, na kidole kishafika kwenye mausi. Nikamzuia. Nikamuuliza hiyo ni mido au nikel? Akanitolea macho tu. Mido ina chipu ya Snapdragon 625, nikel ina Helio X20, na dukani zote zinaitwa Redmi Note 4. Madogo nawapenda sana lakini hili nimeliona mara nyingi mno, ndo maana naandika.

1. Fuata kodineimu, achana na jina la kwenye boksi. Kwa Tecno, Infinix na itel soma build number (namba ya toleo la mfumo) yote mpaka herufi ya mwisho.

2. Bakapu kabla ya chochote. Hapa inabidi niwasimulie. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi alikuja mama mmoja muuza vitunguu soko la Kilombero, simu yake yenye chipu ya MediaTek inaishia kwenye logo, akaniambia mwanangu nisaidie, namba za wateja wangu wote na picha za daftari la madeni zimo humo humo. Nikamwambia mama njoo saa kumi utaikuta tayari. Nikashusha faili lenye jina la modeli yake, build sikuangalia, nikaflashi, yaani nikaipakia. Ikazima jumla. Nikiichomeka kwenye kompyuta inatokea sekunde mbili inapotea. Jasho likaanza kunitoka, nikatafuta faili lingine, nikafungua SP Flash Tool, programu ya kupakia romu kwenye simu za MediaTek, nikachagua Format All + Download (futa vyote kisha pakia) maana nilikuwa nataka iwake tu, na kweli ikawaka, nikashangilia. Naweka laini, hamna mtandao. Napiga *#06#, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) batili. Format All ilikuwa imefuta na NVRAM, ambako MediaTek inatunza IMEI na vipimo vya redio, na data ya mama yote imekwenda nayo.

Saa kumi akaja na ndizi za kunishukuru. Nilipomweleza hakugomba, alikaa kwenye kigoda akaomba kalamu, akaanza kuvuta namba kichwani moja moja. Alizipata tatu. Fundi wa jirani akanishauri nimwandikie IMEI ya simu nyingine mbovu, bosi wangu akakataa palepale, sheria ya mawasiliano ya 2010 hairuhusu kuchezea IMEI, na mtaani kila mtu alishajua uzito wake tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wazime simu feki tarehe 16 Juni 2016. Nilimnunulia simu nyingine kwa hela yangu. Zile namba na madeni sikuwa na pa kuzinunua, na mpaka leo nikipita Kilombero namsalimia huku naona aibu.

Kusoma sehemu za kumbukumbu za nvram, nvdata, nvcfg, protect1 na protect2 na kuzihifadhi ni dakika chache tu wadogo zangu. Dakika chache!

3. Chaji ivuke nusu na kebo iwe nzima.

4. Error 7 kwenye TWRP (menyu ya kupakia romu kwenye simu yenyewe) mara nyingi inakuambia romu sio ya simu hiyo, kwa hiyo usikimbilie kufuta mstari wa assert, ule unaokagua modeli ya simu.

5. Hii ni ya nyie mnaojenga romu, wa hapa Arusha, Moshi na popote. Tukubaliane namna moja ya kuandika. LineageOS, mradi wa romu za bure, faili lao tu linakuambia toleo, tarehe na kodineimu, na SHA-256 (alama ya kuhakiki faili) wanaiweka ulinganishe. Mnashindwa nini? Andika chipu, andika inataka fimuweya (programu ya msingi ya vifaa) ipi chini yake, andika kisichofanya kazi, kama VoLTE (kupiga simu kupitia 4G) au kamera. Treble, mpango wa Google, ilikuja na Android 8 mwaka 2017 ikatenganisha mfumo na vendor (sehemu ya mtengenezaji wa simu) ili GSI (romu ya jumla) moja iingie simu nyingi, halafu mtu anapandisha GSI bila kusema ni arm64 au a64 (aina ya mfumo kwa prosesa), A au AB (mpangilio wa sehemu za hifadhi), sasa imesaidia nini? Na sosi ya kerneli (kodi ya kiini cha mfumo) weka wazi, GPL, leseni yake, inakudai hivyo. CyanogenMod, romu iliyotangulia LineageOS, ilipofungwa Desemba 2016 watu waliendelea na LineageOS kwa sababu kodi ilikuwa wazi, ila wewe unayejenga peke yako chumbani Sakina, siku ukipata ajira romu yako inakufa na watumiaji wake wanabaki na mabagi (hitilafu).

6. Daftari la benchi: IMEI, build iliyokuwepo, faili uliloweka, tarehe.

Yule dogo tuliifungua zip pamoja tukasoma updater-script (maelekezo ya upakiaji). Romu ya mido, simu nikel, na mstari wa kukagua kuna mtu kashaufuta. Akaifuta romu yote. Jumatatu kanitumia picha ya daftari lake jipya, mistari minne, mwandiko safi kabisa, ila kasahau tarehe. Nimemwambia aandike upya.