Mkanda wa nyama kati ya Chang na Eng

SWALI: Daktari, shikamoo. Chang na Eng, wale pacha wa Siam (Thailand ya leo), waliungana kwa mkanda wa nyama tu hapo chini ya kifua, wakaishi hivyo miaka 62. Madaktari walishindwa nini kuukata? Na wangezaliwa leo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kukata si kazi. Kazi ni kujua kilichomo ndani. Walizaliwa 1811. Dawa ya usingizi ilianza kutumika rasmi kwenye upasuaji 1846, na eksirei ikaja 1895, wao wakiwa wameshazikwa.

Walipofika London wakiwa vijana, madaktari walipima kwa kubahatisha. Chang alilishwa asparagasi, mboga inayogeuza harufu ya mkojo. Saa chache baadaye mkojo wake ulinuka, wa Eng wala. Ukiugusa mkanda katikati walisikia wote wawili; ukisogea kidogo upande mmoja, alisikia mmoja. Basi damu iliyovuka ilikuwa kidogo, lakini hilo halikutosha kumtuma mtu ashike kisu.

Maiti zao zilipochunguzwa Philadelphia mwaka 1874, maini yalikutwa yameungana ndani ya mkanda, na utando wa tumbo umeingia humo kutoka pande zote mbili. Yaani kisu kingefungua matumbo mawili kwa mpigo. Utando huo ukishika usaha, enzi zisizo na antibayotiki, mgonjwa haponi.

Hata hivyo, Basel, Uswisi, mwaka 1689, Johannes Fatio aliwatenganisha wachanga wawili walioungana sehemu hiyo hiyo. Alitangulia kufunga mishipa ya kitovu, akaukaza mkanda kwa uzi, ndipo akakata. Walipona wote.

Leo muungano wa namna hii ndio mwepesi kuliko yote. Mtoto mmoja huchomwa dawa inayoonekana kwenye picha za ndani ya mwili za CT Scan. Ikijitokeza kwa mwenzake, mahali damu inapovukia panajulikana. Ini lenyewe halitishi, maana hukua tena. Swali ni kama kila mtoto ana mfereji wake wa nyongo. Ngozi ikiwa haba, vifuko vya silikoni hupachikwa chini yake wiki kadhaa kabla, vikajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo. Ukiwa na pupa, ngozi hukonda na kupasuka. Hali ikiruhusu, husubiriwa mpaka watoto wafike miezi 6 hadi 12. Chumbani huingia timu mbili za usingizi, na nyaya na mirija ya kila mtoto huwa na rangi yake, kwa sababu dawa uliyompa huyu inaweza kumlaza na yule.

Moyo mmoja kwa watoto wawili ni habari nyingine kabisa. Hapo wapasuaji wengi hurudisha kisu mezani.

SWALI: Maria na Consolata, pacha wetu walioungana, walifariki usiku mmoja, Juni 2018. Je, pacha mmoja akifa ni lazima mwenzake amfuate?
Msomaji, Iringa

JIBU: Asipotenganishwa haraka, kwa kawaida ndiyo. Moyo ukisimama, mishipa ya marehemu hulegea, na damu ya aliye hai huweza kumiminikia huko isirudi. Njia ikiwa pana, muda ni mfupi. Ya Chang na Eng ilikuwa nyembamba: Chang alikata roho usiku wa kuamkia Januari 17, 1874, na Eng akabaki hai kwa saa chache. Waliowachunguza walisema Eng kauawa na hofu. Wengine baadaye waliona kupoteza damu kunaeleza zaidi. Daktari aliyeitwa aje kuwatenganisha alifika Eng naye amekwisha fariki.