Kabla hujalipia mashine ya kukereza mbao, ndugu mgeni

Jamani, kila baada ya muda anakuja mgeni hapa jukwaani na picha ya mashine aliyokwisha kuinunua, anauliza kama ni nzuri. Mdogo wangu, swali hilo huulizwa kabla ya kulipa. Na mashine yenyewe karibu kila mara ni ileile: mita nzima kati ya senta na senta (ncha mbili zinazokibana kipande huku na huku), kitanda, yaani reli za chini, cha mabomba mawili membamba, nguvu kubwa imeandikwa ubavuni, na mtu mmoja anaibeba peke yake bila kuhema. Hilo la mwisho analitaja kama sifa!

1. Anza na unachotaka kukereza. Kalamu na mipini ya patasi hazihitaji mashine kubwa. Ya mezani yenye inchi 16 kati ya senta inatosha na kubaki. Ukitaka bakuli, achana na urefu, tazama kimo. Mashine ya "inchi 12" ina inchi 6 tu kutoka senta ya spindo (mhimili unaozungusha kipande) hadi kitandani, na msingi wa kiegemeo cha patasi nao unataka kupita chini ya kipande. Kitanda kirefu ni cha miguu ya meza na nguzo za ngazi. Sema kweli, wewe utakereza nguzo za ngazi lini?

2. Soma mwendo wa chini kabisa, si wa juu. Hapa mnivumilie, ndipo nilipoumia.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya mabomba. Mwendo wake mdogo kuliko yote ulikuwa mizunguko 850 kwa dakika. Namba hiyo niliiona kwenye kibandiko nikaipita, macho yote yako kwenye ile ya juu. Nanyi kanuni mnaijua: kipenyo kwa inchi ukizidisha na mizunguko kwa dakika, jibu lilale kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 basi ni kati ya 600 na 900, na hapo ni kipande kilichokwisha kuwa duara. Kibichi, chenye gome upande mmoja na fundo upande wa pili, huanza chini sana ya hapo. Kanuni niliijua. Nilijiambia 850 imo ndani, mambo sawa.

Nikakifunga kipande kwenye sahani, lile bamba la chuma linalofungwa kwenye spindo, kwa skrubu fupi, kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu na mkono. Kichwa cha nyuma, kile cha kukishikilia kipande kwa upande wa pili, nikakisukuma mwisho wa kitanda ili nipate nafasi. Kinga ya uso ilikuwa ukutani, mpya, hata ile plastiki yake ya juu sijaibandua. Nikasimama mbele kabisa ya kipande, nikawasha.

Mashine ikaanza kutembea, na meza ikaifuata. Mtu mwenye akili angezima. Mimi niliikumbatia ili itulie! Skrubu zikang'oka, kipande kikanipiga bega, kikapanda hadi dari, kikashukia rafu ya vanishi. Mke wangu akauliza kutoka upande wa pili nini kimeanguka. Nikajibu hakuna kitu, huku vanishi inapita chini ya mlango kumfuata.

Lau lingekuwa bega tu, nisingelisimulia. Kinachoniuma ni kwamba sikuilaumu mashine wala kichwa changu, nililaumu sahani. Nikaenda kununua chaki ya taya nne (kibanio cha chuma cha kukamatia kipande), ya gharama, nikaja nayo nyumbani kwa furaha, na haikuingia.

3. Ndiyo maana nawaambia mwulize nyuzi za spindo, yaani hesi ambazo chaki na sahani hufungwa hapo. Inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa inchi, ambayo imeenea Marekani, au M33 yenye hatua ya milimita 3.5, inayopatikana sana Ulaya: kwa hizo chaki na sahani zimejaa. Yangu ilikuwa na nyuzi za ukoo wake peke yake. Nikatia adapta, adapta ikaisogeza chaki mbali na beringi, mtetemo ukazidi, nami nikaanza kulaumu patasi. Tundu la ndani ya spindo nalo liwe tepa ya Morse namba 2, kipimo cha kawaida cha tundu linalopungua upana kuelekea ndani.

4. Uzito ni rafiki. Kitanda cha chuma cha kusubu hunyonya mtetemo. Ukiwa tayari umenunua nyepesi, weka mifuko ya mchanga kwenye rafu ya chini ya stendi.

5. Mota: nusu nguvu farasi ni ya kalamu, robo tatu hadi moja ni ya bakuli la inchi 10. Kitufe cha kubadili mwendo ni kitamu, lakini hakikuondolei kazi ya kuhamisha mkanda. Kijana mmoja alinilalamikia kuwa mashine yake inasimama kila akigusisha patasi. Nikafungua kifuniko cha puli: mkanda uko kwenye puli ya mwendo wa kasi, kama ulivyotoka kiwandani, na yeye anapunguza kwa kitufe tu. Hakujua kuwa kifuniko kinafunguka.

6. Ya mtumba: senta mbili zikutane ncha kwa ncha, tikisa spindo kwa mkono usikie kama beringi zinacheza.

7. Usimalize fedha zote kwenye mashine. Patasi za chuma kigumu cha haispidi, grainda na jigi yake ya kushikia patasi wakati wa kunoa, chaki, kinga ya uso (ivaeni, na bandueni hiyo plastiki) hufika bei ya mashine yenyewe bila kukuaga. Huyohuyo kijana wa mkanda nilimkuta anakereza bakuli kwa patasi bapa ya useremala. Nilimnyang'anya, nikamwazima patasi yangu ya mfereji. Bado anayo, na anasoma hapa.

8. Stendi: spindo iwe usawa wa kiwiko chako, si cha aliyekuuzia.