Nukta moja chini: kwa mnaoanza kuwaonyesha wageni nyota

Wadogo zangu mliopata kazi ya kutembeza wageni Paje na Jambiani, matembezi ya usiku yana swali lisilokosekana: kwa nini nyota ile inaitwa hivyo? Mwaka wangu wa kwanza nililijibu ovyo. Mgeni alinionyesha Zuhura inang'aa upande wa machweo, nikamwambia Zuhura maana yake ni mungu wa kike wa mapenzi. Akaandika daftarini. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, alikuwa amekaa kando ya ngalawa yake. Alingoja mgeni aende, kisha akaniambia: "Mwanangu, Zuhura ni Kiarabu, asili yake kung'aa. Huyo mungu ni wa Warumi, jina lake Venus." Iliniuma, maana uongo wangu ulikwisha safiri.

Tangu siku ile nauliza lugha kwanza, hadithi baadaye. Warumi walizipa sayari majina ya miungu yao. Mars, kwa mfano, ni wa vita. Sisi tulipokea ya Waarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Uranus haimo humo, kwani haikujulikana kuwa sayari hadi William Herschel alipoiona kwa darubini mwaka 1781.

Utamu hasa uko kwenye nyota, maana huko Wazungu nao walichukua Kiarabu. Fomalhaut ni fam al-hut, mdomo wa samaki. Aldebaran ni "mfuasi", kwa kuwa huchomoza nyuma ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Ninayoipenda kupita zote ni Betelgeuse, ile nyekundu ya kundi la Jabari, inayoonekana vizuri jioni za kaskazi. Waarabu waliiita yad al-jauza, mkono wa Jauza, jina lao la kundi hilohilo. Nyote mmesoma chuoni: ya mwanzoni mwa neno ina nukta mbili chini, ba ina moja, na umbo ni lilelile. Waliohamishia jina kwenye Kilatini waliisoma ya kama ba, na kosa hilo linatamkwa dunia nzima mpaka leo. Mchoreeni mgeni herufi hizo mbili mchangani kwa kidole, mmulike kwa tochi kidogo tu, mzime. Sijaona mgeni asiyeinama kutazama.

Kilimia msikitafutie mungu wala Kiarabu. Ni chetu, kimetokana na kulima, na wazee waliandama nacho misimu: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mgeni akiuliza kwa nini kundi dogo vile lina jina kubwa vile, mwambieni habari ya jembe na masika. Ila katikati ya Mei msimwahidi kumwonyesha: kimeshazama pamoja na jua, na hakirudi mpaka alfajiri za Juni, upande wa mashariki.