Kaka hanywi, lakini anayumba

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 41. Tangu mwaka juzi vidole vinamchezacheza, mabega yanarukaruka, vyombo vinamponyoka. Amekuwa mkali hata kazini wamemchoka. Watu wanasema mlevi, nami najua hagusi pombe. Marehemu baba naye alianza hivyo hivyo. Hospitali wamempa dawa za wasiwasi tu. Ni nini hiki?

JIBU: Marahaba, dada. Mimi ningeanzia kwa baba. Viungo vikichezacheza bila pombe, na mzazi alikuwa vivyo hivyo, naufikiria ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, unaoitwa kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1872. Wengi huwaanza kati ya miaka 30 na 50, na mara nyingi hasira na huzuni hutangulia. Ndiyo maana watu huangukia kwanza kwenye dawa za wasiwasi.

Mgonjwa wa namna hii mimi humwambia atoe ulimi na aushikilie nje sekunde kumi. Hawezi, unarudi wenyewe. Kisha anibane vidole viwili: mkono unakaza, unalegea, unakaza tena, kama anayekamua ng'ombe.

Hayo hayamalizi ubishi. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na hata metoklopramaidi ya kichefuchefu, huweza kuleta hali hiyo. Upo pia ugonjwa wa Wilson, wa shaba kujaa mwilini, ambao unatibika. Kuuacha bila kuupima ni uzembe. Jibu la Huntington liko kwenye kipimo cha damu cha jeni ya ugonjwa huo (jeni ni sehemu ya urithi wa mtu), jeni iliyogunduliwa mwaka 1993. Herufi tatu za urithi, CAG, hujirudia humo: hadi mara 26 ni kawaida, 40 na kuendelea ugonjwa huja, 36 hadi 39 huenda ukaja au usije. Dawa ya kuuponya haipo. Tetrabenazini hutuliza viungo, ila huweza kuzidisha huzuni, kwa hiyo mumwangalie.

Sasa wewe. Kaka akikutwa nao kutoka kwa baba, uwezekano wako wa kuurithi ni nusu kwa nusu. Lakini yeye anaumwa, anatafuta sababu. Wewe huumwi, na jibu ukishalipata halirudishwi. Usitolewe damu kabla ya ushauri nasaha, na watoto wasio na dalili wasubiri wakue waamue wenyewe.

Kliniki umsindikize, na umrekodi video akiwa ametulia nyumbani. Wagonjwa wengi hawajioni wakichezacheza, na ukimwachia daktari amuulize yeye, atasema hana tatizo.